UJUMBE ULIOACHWA SI UJUMBE ULIOFIKA

Jinsi sanduku la sauti linavyounganishwa na mtambo wa simu wa ofisi

Mtu apigaye simu kambini, katika kituo cha polisi, hospitalini au katika ofisi ya wilaya hapigi kwa mchezo. Ana haja yake. Huenda ni mke wa askari atakaye kumwarifu mumewe kwamba mtoto amelazwa. Huenda ni shahidi aliyeikumbuka namba ya gari baada ya siku tatu. Huenda ni koplo aliyekwama njiani na gari bovu. Akipiga na asimpate amtakaye, mara nyingi atasikia sauti iliyorekodiwa ikimwomba aache ujumbe wake baada ya mlio. Naye ataacha, atakata simu, na moyo wake utatulia kwa kuamini kwamba neno lake limefika.

Je, limefika? Hilo ndilo swali la makala haya. Sanduku la sauti ni mashine moja, na mtambo wa simu wa ofisi ni mashine nyingine. Kila moja yaweza kuwa nzima na ya gharama kubwa, na bado ujumbe ukapotea baina yao kwa sababu hazikufundishwa kuzungumza. Ofisi nyingi zingali na mitambo ya simu ya aina ya zamani ifanyayo kazi vizuri, na wakubwa wake hutaka kuongeza sanduku la sauti bila ya kuutupa mtambo. Jambo hilo lawezekana, lakini yapasa kulielewa kabla ya kumlipa fundi.

OPERETA NA YOTE ALIYOYAJUA

Hapo zamani swichibodi ilikuwa meza yenye matundu na kamba za waya, na mbele yake ameketi mtu. Simu ilipoingia, opereta alichomeka waya na kumwuliza mpigaji amtaka nani. Kama huyo atakiwaye hakujibu, opereta alikwisha kujua mambo matatu: nani atakiwaye, nani apigaye, na kwa nini hawakuonana, yaani kama simu ilikuwa ikitumika au ililia bila ya kupokelewa. Akayaandika katika kikaratasi na kumpa tarishi. Tena alikuwa na kazi ya nne, ambayo pengine ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote: kuhakikisha kwamba mwenye ujumbe ameambiwa. Akimwona anapita mlangoni alimwita, "Afande, kuna salamu zako hapa."

Mashine iliingia katika kazi hiyo kidogo kidogo. Mmarekani Almon Strowger alipata hataza ya mtambo wa simu ujiendeshao wenyewe mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa namna hiyo ulianza kazi katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Yasimuliwa kwamba Strowger, ambaye biashara yake ilikuwa mazishi, aliwashuku maopereta kuwa wakiwapeleka wateja wake kwa mshindani wake. Baadaye ofisi nazo zikapata mitambo yao midogo ya namna hiyo, ambayo mafundi huiita PABX: mtu hubonyeza namba ya ndani, na mtambo humwunganisha bila ya kuulizwa neno. Mtambo uliichukua kazi ya mikono ya opereta. Kazi ya kukumbuka na kuarifu haikuchukuliwa na yeyote.

KUZALIWA KWA SANDUKU LA SAUTI

Katika miaka ya 1970 wavumbuzi kadhaa wa Marekani walishughulika na tatizo hilo. Mmoja wao, Gordon Matthews wa Dallas, jimbo la Texas, aliomba hataza mwaka 1979 na kuipata mwaka 1983. Kampuni yake, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la VMX, ilipata mteja wake wa kwanza, kampuni kubwa ya 3M, mwaka 1980. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza: badala ya kikaratasi, sauti ya mpigaji mwenyewe ihifadhiwe katika kompyuta, na kila mfanyakazi awe na sanduku lake, lenye namba yake na ufunguo wake wa siri.

Kuihifadhi sauti si kazi ngumu tena. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa baiti moja. Basi dakika moja ya maneno ni baiti 480,000. Kikadi kidogo cha gigabaiti moja huchukua zaidi ya saa 34 za mazungumzo. Kwa hiyo ofisi haina haja ya kuhofia nafasi. Ugumu ulikuwa, na ungali, katika kuunganisha.

Mtambo wa simu ukimpeleka mpigaji penye sanduku bila ya kueleza jambo lolote, sanduku halina budi kumwuliza upya: "Bonyeza namba ya mtu umtakaye." Mzee aliyekwisha kupiga namba hiyo mara moja, na ambaye hakuikariri, atakata simu. Kampuni ya Octel, iliyoanzishwa California mwaka 1982 na Robert Cohn na Peter Olson, ilipata soko kubwa kwa sababu mashine zake ziliweza kuunganishwa na mitambo ya watengenezaji mbalimbali. Hatimaye Octel iliungana na VMX mwaka 1995, nayo ikanunuliwa na Lucent mwaka 1997. Somo lililobaki ni kwamba sanduku la sauti hupimwa kwa jinsi linavyosikilizana na mtambo, wala si kwa uzuri wa sauti yake.

JAMBO LA KWANZA: KUMPELEKA MPIGAJI

Fundi huanza kwa kuuagiza mtambo wa simu. Tuseme simu ya ndani ya sajini fulani ni namba 214. Mtambo huagizwa hivi: simu hiyo ikilia mara nne bila ya kupokelewa, au ikiwa inatumika, mpigaji apelekwe namba 300. Na namba 300 si simu moja, bali ni kundi la laini ziingiazo katika sanduku la sauti. Laini ya kwanza ikiwa na mtu, mtambo hujaribu ya pili, kisha ya tatu.

Hapa ndipo watu wengi hufanya ubahili. Ofisi yenye wafanyakazi mia hununua sanduku lenye laini mbili, kisha wapigaji hulalamika kwamba simu "haiingii". Hesabu ya mambo haya iliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mdenmark Agner Krarup Erlang. Tuchukue ofisi ambayo katika saa ya msongamano hupata wapigaji 60 wa kuacha ujumbe, na kila mmoja hutumia dakika moja. Kwa laini mbili, wapigaji 20 kati ya kila 100 watakuta njia imefungwa. Kwa laini tatu watakuwa kama 6. Kwa laini nne hawafiki 2. Laini mbili za ziada, basi, hubadili mambo kabisa, na yafaa zihesabiwe kabla ya kununua.

JAMBO LA PILI: KULIELEZA SANDUKU

Sasa mpigaji amefika. Sanduku litajuaje kwamba yatakiwa maamkio ya 214 wala si ya 241? Zipo njia tatu zinazotumika zaidi.

Njia ya kwanza ni ya milio. Simu za vitufe, zilizoanza kutumiwa na umma nchini Marekani mwaka 1963, hutoa milio miwili kwa pamoja kwa kila tarakimu. Mtambo wa simu unaweza kulibonyezea sanduku tarakimu hizo hizo: sanduku linapopokea simu, husikia kwanza 2, 1 na 4, kisha humfungulia mpigaji. Njia hii ni rahisi kwa gharama, lakini ina udhaifu wake. Mtambo ukiharakisha kubonyeza kabla sanduku halijawa tayari kusikiliza, tarakimu ya kwanza hupotea, na ujumbe wa 214 hauna pa kwenda. Fundi mwenye uangalifu hupima nafasi ya kungoja na kuiongeza kidogo kidogo mpaka pasiwe na kosa.

Askari watapenda kujua kwamba mpango wa milio hiyo una vitufe vinne ambavyo simu zetu za kawaida hazina: A, B, C na D. Jeshi la Marekani lilivitumia katika mtandao wake wa simu ulioitwa Autovon, ili ofisa mwenye habari ya haraka apite mbele ya mazungumzo yasiyo ya haraka. Kwa kuwa mpigaji wa kawaida hawezi kuitoa milio hiyo kwa kidole chake, baadhi ya mafundi huitumia kuwa ishara za siri baina ya mtambo na sanduku.

Njia ya pili ni kutandika waya mwingine kando ya zile laini za sauti, usiobeba sauti bali maandishi tu. Utaratibu wake ulioenea zaidi huitwa SMDI, nao aghalabu hutumwa kwa mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde. Kwa kila simu iingiayo, mtambo huandika mstari mmoja mfupi: namba ya kundi, namba ya laini aliyopewa mpigaji, herufi moja ya sababu, namba ya aliyetakiwa, na namba ya mpigaji kama yajulikana. Herufi B maana yake simu ilikuwa ikitumika; N, haikupokelewa; A, mwenyewe ameagiza simu zake zote zihamishwe; D, mpigaji amekuja moja kwa moja. Huyo ndiye opereta wetu wa zamani, amerudi katika umbo la mstari mmoja wa maandishi!

Lakini hapa pana hatari ambayo kila mkuu wa ofisi yampasa aijue. Maandishi hupita waya mmoja na sauti hupita waya mwingine, na sanduku huvikutanisha kwa namba ya laini. Fundi akizipisha kwa makosa laini ya tatu na ya nne, mtambo husema "laini ya tatu" ilhali sauti imetokea ya nne. Akijaribu usiku kwa simu moja, ataona tu kwamba sanduku limetoa maamkio ya jumla, naye huenda akalipuuza. Asubuhi, simu mbili zikiingia kwa wakati mmoja, maneno ya mke wa koplo huingia katika sanduku la mtu mwingine. Kwa hiyo majaribio yafanywe kwa simu nyingi pamoja.

Njia ya tatu ni ya uigizaji. Sanduku hujifanya kuwa simu ya mezani ya kidijitali ya mtambo ule ule, yenye kioo cha maandishi. Mtambo huiandikia kioo hicho, kama uiandikiavyo simu yoyote, kwamba mpigaji amehamishwa kutoka 214, nalo sanduku husoma. Njia hii haihitaji waya wa pili, lakini sanduku lililofundishwa kuigiza simu za mtengenezaji mmoja huenda lisielewane na mtambo wa mwingine. Basi kabla ya kununua, iandikwe wazi katika mkataba ni mtambo gani, wa aina gani na wa toleo gani.

JAMBO LA TATU: KUJUA MPIGAJI AMEONDOKA

Mtu akikata simu, sanduku lina njia gani ya kujua? Katika laini za analogi, mtambo mzuri huukata umeme wa laini kwa kitambo kidogo, na sanduku huelewa. Mitambo mingi ya zamani haifanyi hivyo. Hutoa mlio tu. Sanduku lisilofundishwa mlio huo huudhani kuwa ni maneno, huendelea kuurekodi mpaka muda ulioruhusiwa uishe, na wakati wote huo laini imezibwa. Laini zote zikizibwa hivyo, mwenye shida ya kweli hukosa njia. Hata imetokea masanduku mawili yakapigiana, kila moja likimwomba mwenzake aache ujumbe, na yakaendelea hivyo kwa muda mrefu bila ya mtu kujua.

Dawa yake ni ya kazi lakini si ngumu. Fundi hurekodi mlio halisi wa mtambo huo, hupima sauti yake na mapumziko yake, na kulifundisha sanduku. Kisha huweka mpaka wa muda kwa kila ujumbe, na kuamuru kwamba ukimya wa sekunde kadhaa uhesabiwe kuwa mwisho.

JAMBO LA NNE: TAA

Tumekwisha kusema kwamba kazi kubwa ya opereta ilikuwa kumwita mwenye ujumbe. Kazi hiyo sasa ni ya taa ndogo juu ya simu. Kwa njia ya SMDI, sanduku huuandikia mtambo amri ya kuwasha taa ya 214, na ujumbe ukishasikilizwa huandika amri ya kuizima. Katika baadhi ya simu za analogi taa hiyo ni ya neoni, nayo huhitaji umeme wa volti zipatazo 90, ambao si kila kadi ya mtambo huutoa. Pale pasipo na taa, mtambo hutoa mlio wa kukatikakatika mtu anapoinua mkono wa simu.

Taa isiyowaka huficha ujumbe. Lakini taa isiyozimika ni mbaya vile vile, kwa kuwa mtu akiiona inawaka juma zima bila ya sababu huacha kuiamini, na siku iwakapo kwa haki hataitazama. Hapo ndipo ujumbe ulioachwa huachana na ujumbe uliofika.

MITAMBO YA ZAMANI NA NJIA MPYA

Siku hizi sanduku la sauti ni programu tu katika kompyuta, nayo huzungumza kwa njia ya mtandao wa intaneti. Kanuni ya kuwasha na kuzima taa kwa njia hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Mtambo wa zamani usioijua lugha hiyo huwekewa kifaa cha kati, ambacho mafundi hukiita getiwei, kiwe kama mkalimani. Yafaa kukumbuka kanuni moja: tundu la aina ya FXS hutoa umeme na kuliza kengele, na tundu la aina ya FXO hupokea. Laini ya ndani ya mtambo ni FXS. Kwa hiyo upande wa getiwei lazima uwe FXO. Kuunganisha FXS kwa FXS ni kama kuunganisha bomba kwa bomba yote yakiwa yanatoa maji.

UFUNGUO WA SIRI

Sanduku la sauti ni barua zilizomo katika chumba kimoja, na mlango wake ni tarakimu nne au zaidi. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na namba moja kwa masanduku yote, na watu hawaibadili. Nchini Uingereza gazeti la News of the World lilifungwa Julai 2011 baada ya kujulikana kwamba waandishi wake walikuwa wakisikiliza ujumbe katika masanduku ya sauti ya watu, ukiwamo wa binti aliyetoweka mwaka 2002 na baadaye kukutwa ameuawa. Namba za kiwandani zilizoachwa bila ya kubadilishwa zilikuwa mojawapo ya milango yao. Kituo cha polisi chenye masanduku ya namna hiyo hakina siri ya shahidi. Namba ibadilishwe siku ya kwanza, isiwe 1234 wala namba ya simu yenyewe, na sanduku lijifunge baada ya majaribio machache yaliyokosewa. Kadhalika, mtambo uzuiwe kabisa kumtoa mpigaji sandukuni na kumpa laini ya nje, kwa maana wezi hupitia hapo kupiga simu za nchi za mbali kwa gharama ya ofisi.

LISILOFAA KUPELEKWA SANDUKUNI

Simu ya dharura ya kituo, ya zamu ya hospitali au ya lindo isipelekwe kamwe sandukuni. Mwenye moto nyumbani mwake hahitaji mlio wa kurekodi. Isipopokelewa, ihamie simu nyingine yenye mtu, na kutoka hapo nyingine tena. Na katika kila sanduku, maamkio yamwambie mpigaji kwamba akibonyeza sifuri atapata mtu. Kisha ihakikishwe kwamba sifuri hiyo yamfikisha kweli kwa mtu, mchana na usiku.

KWA WALIO NYUMBANI

Akina mama, akina baba na vijana nao wana sehemu yao. Ukisikia mlio, taja kwanza jina lako na la umtafutaye, kisha namba ya simu, polepole, mara mbili. Taja siku na saa. Sema jambo lenyewe kwa maneno machache: "Juma amelazwa, hali yake ni nzuri, njoo leo jioni" ni bora kuliko "Nipigie upesi", neno ambalo laweza kumtia mtu hofu usiku kucha. Kama jambo ni la hatari, usiridhike na sanduku; bonyeza sifuri, au piga tena mpaka umpate mtu.

Nanyi wakuu wa ofisi, msimlipe fundi kwa kuonyeshwa mashine inayowaka. Keti naye nusu saa. Piga 214 ikiwa haina mtu. Piga ikiwa inatumika. Piga ikiwa imehamishwa. Kisha wapigeni watu wanne kwa pamoja, kila mmoja akitafuta simu yake. Tazameni kama kila ujumbe umeingia mahali pake, kama taa zimewaka, na kama zimezimika baada ya kusikilizwa. Kateni simu ghafula muone kama laini imefunguka. Jaribio hilo lirudiwe kila mwezi na kuandikwa katika daftari la ofisi pamoja na jina la aliyelifanya, kama yaandikwavyo makabidhiano ya zamu.